Gari la Watu Wawili

Niseme mapema: lile gari mimi sikulipenda. Kwanza lilikuwa fupi, kuliingia ni mpaka uiname kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Pili, lilikuwa na viti viwili tu, kimoja cha rafiki yangu, kimoja cha mkewe. Mimi niliyenyoosha kila bonde la bodi lake kwa nyundo yangu sikuwahi kupewa lifti hata ya kwenda dukani. Nikilalamika, mkewe alikuwa akicheka. "Shemeji, nunua lako," ananiambia.

Rafiki yangu alikuwa fundi saa. Nilimwita Saa Mbovu, maana tangu nimjue hajawahi kufika mahali kwa wakati. Yeye aliniita Nyundo. Gari lenyewe la spoti, jekundu, la zamani kuliko ndoa yake, alilinunua likiwa chuma chakavu akalifufua, akawa analitegea sikio kama anavyotegea saa za watu. Akirudi jioni hakupiga honi. Alisimama nje ya geti, akakanyaga mafuta mara mbili, vum, vum, na shemeji akaacha chochote alichoshika akaja kumvutia komeo. Geti hilo nililichomelea mimi. Komeo lake liko ndani tu, na pembeni kuna mlango mdogo wa kupita watu.

Shemeji akaugua, gari likafunikwa turubai. Siku shemeji alipofariki, kiharusi kikampiga Saa palepale kwenye korido ya hospitali. Tulimzika shemeji mumewe akiwa kitandani, hajitambui. Saa aliporudi nyumbani, mkono na mguu wa kulia vilikuwa havina kazi, na mdomoni lilibaki neno moja: "Bado." Umekunywa chai? Bado. Umelala vizuri? Bado. Mimi na binti yake tulimweleza habari ya mkewe, polepole, tumemshika mkono. Alitutazama, kisha akatazama geti.

"Bado," akasema.

Hakulia. Hilo ndilo lililotutia hofu. Kila gari likipita nje, shingo yake inageukia getini. Binti alitaka kumchukua akaishi naye mjini kwake, lakini kila akifungasha nguo, mzee anazitoa begini kwa mkono mmoja na kuzirudisha kabatini, kando ya magauni ya mkewe.

"Baba mdogo," binti akaniambia jikoni, "nitamtoaje hapa? Anamsubiri mama. Nikimwondoa hivihivi, atakufa akimsubiri."

Hasira zikanipanda. Nikatoka nje. Nikamkuta Saa amejikokota na fimbo yake hadi kwenye gari, anavuta turubai. Aliponiona akanyoosha kidole kwenye boneti.

"Una wazimu wewe," nikamwambia. "Mguu wa kulia huna. Breki utakanyaga kwa ulimi?"

"Bado," akasema, akavuta tena.

Ningefanyaje? Nikavuta na mimi. Nilidhani anataka kulisikia tu kabla hajaondoka, nikasema moyoni, haya, tumpe hilo.

Sasa, mimi ni fundi wa bodi. Injini tunasalimiana tu. Tena masikio yangu yameliwa na kugonga mabati, ndiyo maana naongea kwa kelele na watu wanadhani nagombana, ingawa mara nyingi nagombana kweli. Kwa hiyo yeye alikuwa na masikio hana mikono, mimi nina mikono sina masikio. Ukituunganisha unapata fundi mmoja, na huyo naye mzee.

Nilimweka kwenye kiti kando ya gurudumu la mbele, akawa ananionyesha kwa fimbo. Panya walikuwa wamezaa kwenye kichujio cha hewa. Petroli ilikuwa imelala mpaka ikageuka gundi ndani ya kabureta, nikaisugua kwa mswaki siku nzima huku nikiwatukana waliobuni vitundu vidogo namna ile. Betri tukaazima. Nilipopiga staata, gari likapiga mshindo nikaruka nyuma. Kumbe nyaya za plagi nimezipachika ovyo. Saa alinichapa fimbo ya mguu, kisha mdomo wake ukapinda upande mmoja. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba.

Nyaya zilipokaa sawa, likawaka, lakini linakohoa. Ilibaki kutegesha moto wa plagi, na hiyo ni kazi ya sikio. Akanishika kiwiko kwa mkono wake mzima. Akiminya, nazungusha kile kikombe cha nyaya za plagi. Akilegeza, nasimama. Akafumba macho kama enzi zile yuko na saa ya mtu sikioni. Nikazungusha kidogo, kidogo tena, mpaka akaniminya nikaumia. Mimi nilichohisi ni bodi kuacha kutetemeka. Uso wake ndio ulioniambia kwamba limekubali.

Nikamfungulia mlango wa dereva, angalau akae. Akakataa. Akalizunguka gari kwa fimbo yake, taratibu, akaingia upande wa pili.

"Hapo ni pa shemeji," nikamwambia.

Akanionyesha usukani.

Miaka yote hiyo! Nikainama, mgongo ukalia, nikaingia. Nilipolitoa nje akanionyesha komeo kwa fimbo. Alitaka geti lifungwe kwa ndani.

"Tunazunguka mtaa tu," nikafoka. "Binti kaenda kufuata dawa, ndani hakuna mtu. Nani atatufungulia?"

Akapiga dashibodi kwa kiganja. Nikafunga, nikatokea mlango mdogo huku nabwata.

Tukaenda. Gari likitaka gia, ananigonga goti, maana mimi silisikii. Kinyozi alitoka kibandani na mkasi mkononi akapaza sauti, "Saa! Karibu tena duniani!" Saa hakugeuka. Alikuwa anatazama mbele tu, mpaka tukarudi.

Nilisimama nje ya geti, nikataka kushuka nikafungue. Akanivuta shati. Akaweka mkono juu ya goti langu, akalisukuma chini. Akaachia. Akalisukuma tena.

Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo ukaniuma vibaya.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "usinifanyie hivi."

Akasukuma. Nikakanyaga. Vum. Vum.

Tukasubiri. Mimi niliangalia mikono yangu kwenye usukani, sikuweza kumwangalia yeye. Tukasubiri sana. Kisha akafungua mlango wake, akashuka kwa taabu, akanikataza kwa fimbo nisimsaidie. Akapita mlango mdogo, akapotelea ndani.

Geti likatikisika. Komeo lilikuwa linavutwa. Na Mungu anisamehe, mimi niliyeshika koleo siku ile, mimi niliyemfukia kwa mikono yangu, kwa kufumba na kufumbua nilimtegemea shemeji atokeze na mikono yake yenye unga.

Geti likafunguka. Alikuwa Saa, amelisukuma kwa bega, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ule upande wa mdomo usiofunga. Nikazima gari, nikamfuata. Alinitazama, midomo ikihangaika.

"Hayupo," akasema.

Masikio yangu mabovu, lakini neno hilo nililisikia lote.

"Hayupo, ndugu yangu," nikamjibu.

Tukakaa chini palepale, wazee wawili, tukalia bila aibu, gari limeziba njia. Binti alipofika na dawa zake alisimama, akatutazama. Saa akainua fimbo, akamwonyesha dirisha la chumba chenye kabati la nguo. Binti akaingia ndani kufungasha.