Nani Aliua Majani ya Papa Ilunga

Naapa kwa kaburi la mama, hii ni kweli tupu: kila Papa Maliki alipopita, majani ya mbele ya nyumba yangu yalipiga magoti. Kisha yakakauka, doa kubwa kama mukeka. Nikaambia mutaa muzima kwamba rafiki yangu wa miaka makumi tatu anayamwagia dawa. Usaliti ule uliniuma kuliko jino.

Jumapili Papa Maliki akaja na jembe, majirani nyuma yake. Akachimba kwenye doa, akaonja udongo.

“Chumvi. Papa Ilunga, nani anamwaga hapa maji ya kulowanisha makayabo?”

Muke wangu akanigeukia. “Samaki ya chumvi tena? Munganga alikukataza. Njo maana nikitoka sokoni nakuta beseni imelowa na inanuka samaki.”

Ni kweli, kila alipoenda sokoni nililowanisha makayabo na kumwaga maji pale mbele.

“Tumekula sahani moja toka ujana,” akasema Papa Maliki. “Hukuniuliza hata mara moja.”

Kwetu, ukisingizia muntu, unalipa kuku mbele ya wote waliokusikia. Nikamukabidhi jogoo wangu wa pekee. Akamupokea. Nikamuletea kiti, lakini hakukaa.