Alhamisi Moja kwa Wiki

Kila asubuhi saa mbili nilipangusa simu kwa spiriti, nikafungua daftari na kuanza kuwapigia wagonjwa wa moyo wanaosubiri kupasuliwa. Mashine zetu za kupumulia zilikuwa zimehamishiwa kwenye hema la wagonjwa wa janga. Zamani tulipasua kila siku; sasa mtu mmoja tu kwa wiki, Alhamisi. Kliniki nayo ilifungwa, kwa hiyo niliwapima watu kwa maswali: unapumuaje, miguu inavimba, unalala chali? Kila jibu lilikuwa na alama. Mwenye alama nyingi alipata Alhamisi.

Siku moja nilikuwa na mgonjwa wa tatu kwenye simu kiganja kilipopiga kioo cha dirisha langu.

"Wewe ndiye unayemnyima mume wangu kitanda?"

Alikuwa mke wa fundi cherehani, mgonjwa wa kumi na nne orodhani. Nilimwamkia, hakuitikia. Alisema nimemweka mumewe mkiani wiki tano, labda nangoja kuleta rambirambi. Nikamwonyesha daftari. Kila wiki fundi alinijibu vilevile, kwa kicheko: mzima, mwanangu, labda wewe.

"Umemwamkia, akaitikia. Ulitaka akutapikie maradhi kwenye simu? Umesoma, lakini hukufundwa."

Kweli, kile kicheko cha fundi kilinitia haya. Sikuthubutu kumchimba mtu wa rika la baba yangu. Maswali mengine nilijijazia "hapana" na kukata simu.

Daktari wa upasuaji akatokea. Tulimwita Mkasi kwa sababu ya ulimi wake. Akasema Alhamisi hii ina mwenyewe, mwalimu mmoja mwenye alama kumi na tano; fundi aende akashone nguo.

"Nani atashona, maiti?" yule mama akamuuliza.

Mkasi akaniamuru nifunge dirisha. Nilichukua daftari, nikatoka nje.

Fundi alikuwa langoni kwenye kiti cha plastiki, askari wamemzuia. Viatu vyake vya turubai alikuwa amevichana ubavuni ili miguu iingie, kisha akapinda kingo na kuzishona vizuri kabisa.

"Mzima, mwanangu," akaniwahi. "Huyu mama ana kelele tu."

"Umesikia?" Mkasi alikuwa nyuma yangu. "Rudi kazini."

Nilichuchumaa. Sikumwamkia. Niliuliza swali la kwanza, nikangoja. La pili, nikangoja. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nikamuuliza kama analala chali.

Alilitazama lile hema, kisha mikono yake.

"Nalala nimekaa," akasema. "Kichwa juu ya cherehani. Mwezi wa pili huu."

Mkasi aliinama, akamkandamiza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu. Shimo lilibaki. Akanipokonya kalamu, akajumlisha mwenyewe: ishirini na moja. Alhamisi ni ya fundi, akasema, akaniamuru nimpigie mwalimu mimi mwenyewe, nimweleze ni nani aliyejaza upuuzi huu. Akaondoka bila kumtazama mtu.

Mama hakushukuru. Alimgeukia mumewe, akamuuliza kwa nini amemfanya agombane na dunia nzima huku yeye akichekacheka kwenye simu.

Fundi alimshika upindo wa kanga.

"Niliogopa watanilaza kwenye hema lile, nife bila kukuona. Naumwa, mke wangu. Naumwa sana."