Mkono wa Kulia wa Athumani

Mara tatu fundi Jafari aliifungua pikipiki ya shemeji yake, na mara tatu akaifunga bila kuona kitu. Kebo ya mafuta ilikuwa inateleza vizuri. Springi ya kabureta nzima. Akivuta mafuta injini inapanda, akiachia inashuka, tena kwa adabu. Akaizungusha uwanja wa mpira wa Lushoto mpaka watu wakauliza kama ndiyo kwanza anajifunza.

Lakini Halima, mdogo wake Jafari na mke wa mwenye pikipiki, hakukubali. "Kaka, siku nyingine inakwenda yenyewe," alisema, mkono juu ya tumbo la miezi minane. "Inang'ang'ania mwendo, haishuki, tunaingia kwenye kona nimefumba macho. Siku za mvua, njia ikiwa tupu, haina neno. Na keshokutwa napelekwa kliniki juu ya kitu hicho."

Mumewe, Athumani, alikuwa anatazama pembeni. "Ni woga wa mimba tu, shemeji," akamwambia Jafari.

Hapo Jafari akachukia. Pikipiki mbovu ni kazi. Pikipiki inayougua ikipenda na kupona ikimwona fundi ni dharau. Na njia ya kutoka Mlola kwa Athumani kuja Lushoto si njia ya kubahatisha: huku ukuta wa mlima, huku mashamba ya kabichi yaliyo chini kiasi kwamba mtu anayepalilia unamwona mdogo kama kuku. Akasema kesho atapanda nyuma yeye mwenyewe, Athumani akileta mboga sokoni. Athumani akasema hakuna haja. Jafari akasema ipo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa mlango, pikipiki za mtumba zimeanza kupanda milimani, na ya Athumani ilikuwa ya kwanza upande wao, kwa hiyo kila aliyekuwa kando ya njia aliikodolea macho. Jafari hakutazama watu. Alikuwa ametega sikio kwenye injini, kabanwa na matenga mawili ya karoti. Kona ya kwanza salama, ya pili salama. Akaanza kuamini kwamba mdogo wake ni mwoga kweli.

Kisha akatokea bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Athumani akanyanyua mkono wa kulia, akainamisha kichwa, akapaza sauti: "Shikamoo, bibi."

Injini haikushuka. Mkono wa mafuta na wa breki ya mbele ulikuwa hewani, na pikipiki iliendelea kwa mwendo ule ule kuelekea kona. Athumani akaurudisha mkono, akakunja usukani kwa nguvu. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye changarawe, tenga la upande wa bonde likabaki likining'inia juu ya kabichi za watu, halafu wakapita. Jafari aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Simama," akasema.

Akashuka, akapapasa chini ya kishikio cha mafuta kwenye usukani. Palikuwa na skrubu ndogo. Waliotengeneza pikipiki waliiweka kwa ajili ya barabara zao ndefu zilizonyooka, dereva apumzishe mkono na mwendo ubaki pale pale. Kila alipoikagua gereji aliikuta imelegea, akaipuuza. Sasa ilikuwa imekazwa mpaka vidole vikamuuma kuilegeza.

"Unaikaza ukitoka nyumbani, unailegeza ukija kwangu," Jafari alisema. "Unataka kumuua mdogo wangu?"

"Wiki niliyoinunua nilimpita baba mkwe pale kwake. Nilimsalimia kwa mdomo, injini ikaimeza salamu. Akasema barazani msikitini, mbele ya watu, kwamba mkwewe kapata pikipiki kapoteza adabu. Sasa nimpungie mkono wa kushoto? Nimpigie honi kama mbuzi? Nisimame mteremkoni kila penye mzee?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje wewe, na ni baba yako?"

Jafari akaing'oa ile skrubu, akaitupa bondeni. Athumani akaitazama ikipotea. "Sawa," akasema. "Lakini kesho nikimwona pale kwenye kona, mkono utanyanyuka tu, shemeji. Nimeshauzoeza."

Jioni ile Jafari akaenda kwa baba yake, Mzee Salimu, ambaye nyumba yake iko kwenye kona mbaya kuliko zote. Alimwamkia, akaitikiwa, akakaa chini, akasema lile ambalo hakuwahi kufikiri mtoto anaweza kumwambia mzazi. "Baba, nimekuja kukuomba Athumani asikusalimie."

"Nipitwe kama kisiki?"

"Akikusalimia anaachia breki. Na Halima atakuwa nyuma yake."

Mzee Salimu akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Jafari akarudi Lushoto akijua amemvunjia heshima baba yake, bila kujua kama imesaidia chochote.

Siku ya kliniki alidamka akaenda kusubiri pale kwenye kona. Akamkuta baba yake keshatoka, kanzu na kofia, amesimama ukingoni mwa njia mahali pake pa kila siku. Jafari akamwamkia. Mzee akaitikia. Injini ikasikika juu, ikashuka, ikatokea. Halima alikuwa amejishikiza kwa mumewe. Athumani akamwona mkwewe, na Jafari akaliona bega la kulia likianza kupanda.

Mzee Salimu akawapa mgongo. Yeye ambaye hakuna aliyethubutu kumpita bila shikamoo aligeukia ukuta wa udongo, uso karibu uguse majani, kama mtu ambaye hajaona wala kusikia kitu. Bega la Athumani likatulia. Mikono yote miwili ikabaki kwenye usukani, pikipiki ikazunguka kona taratibu, mlio ukafifia kuelekea mjini.

Mama mmoja aliyekuwa anapita akamwamkia mzee. Hakumjibu. Aliendelea kuutazama udongo.

"Wamepita?" akauliza.

"Wamepita, baba."