Mke wa Siku Moja

Mume wangu Asakaji alikuwa mfinyanzi mwaka mzima, ila siku moja tu alikuwa mke wa Ganeshman.

Siku yenyewe ni Sikukuu ya Ng'ombe, katikati ya mvua. Kila nyumba iliyofiwa mwaka huo humtembeza ng'ombe wake mjini, ili marehemu ashike mkia na kufikishwa mlango wa Yama, mungu wa mauti. Sisi wa mji wa Bhaktapur ng'ombe tunamjenga kwa mianzi: mnara mrefu wenye pembe za majani makavu, umeviringishwa nguo, picha ya marehemu katikati. Mbele yake watu hucheza ngoma ya fimbo, wawili wawili, na wanaume wengi huvaa kike. Siku hiyo waliofiwa lazima wachekeshwe.

Asakaji alivaa patasi yangu, nguo nyeusi yenye pindo jekundu, akapaka wanja, akajaza matambara kifuani. Miaka thelathini na mmoja alicheza na Ganeshman, jirani yetu wa ukuta mmoja. Watu wakimpigia kelele, "Mke wa Ganeshman, leo umempikia nini?" yeye hujibu kwa sauti nyembamba, "Udongo! Humwoni hana meno?" Mtaa mzima ulikuwa ukicheka. Na mimi nilicheka.

Mungu alitupa mtoto mmoja. Tulimwita Rabin. Alipotimiza miaka kumi na saba aliivaa patasi yangu nyingine, akacheza kumshinda baba yake. Jioni Asakaji alinawa uso, akavua. Mtoto hakuvua. Kesho yake hakuvua. Siku ya tatu akasema, "Baba, mimi ndivyo nilivyo. Jina langu Rashmila."

Asakaji alichukua viatu vya mtoto akavitupa uwanjani, kati ya vyungu vilivyoanikwa.

"Siku moja ni kicheko," alisema. "Siku ya pili ni aibu. Vua hiyo nguo, utoke."

Nilikuwa kwenye ngazi, nimeshika sahani ya sadaka, natoka kuomba. Rashmila aliniangalia. Alingoja nami nikamwona anangoja. Nikainamisha macho, nikayatazama maua ya kwenye sahani. Miaka minane imepita, na yale maua nayajua moja moja mpaka leo.

Asakaji alifariki mwezi wa baridi. Mdogo wake, Bishnulal, aliniambia, "Shemeji, usimpigie simu yule. Aje kumchoma kaka yangu na hereni masikioni?" Nikatii. Moto wa maiti, ambao huwashwa na mtoto wa marehemu, aliuwasha Bishnulal. Nilimpigia Rashmila siku ya kumi na nne, matanga yamekwisha. Hakulia. Aliniuliza kama baba yake aliumwa sana, nikasema hapana, akasema, "Haya, Mama," akakata.

Sikukuu ilipokaribia, majirani walikuja kufunga mianzi uwanjani. Ganeshman naye akaja na fimbo mbili, akakaa kizingitini kwangu.

"Mimi mwaka huu sichezi," akasema. "Nimefiwa na mke."

Watu wakaangua kicheko, kisha wakamwona macho, wakarudi kwenye kamba zao.

Nilijua maana yake. Mnara wa Asakaji ungepita mjini bila mchezaji wa nyumba yake mbele, yeye aliyewachezea wafu wa wenzake miaka yote ile. Nikaingia ndani nikapiga simu.

"Mama, siku hiyo hiyo huku Kathmandu ni siku yetu, sisi tulio kama mimi," Rashmila alisema. "Tunaandamana na bendera zetu, na ngoma. Tunangoja mwaka mzima."

"Najua. Nimekuona kwenye simu ya jirani. Ulivaa manyoya ya kijani."

Halafu akauliza, "Nikija, nakuja kama nani?"

"Njoo ucheze," nikasema. Sikuwa nimemjibu, na sote wawili tulijua.

Alikuja asubuhi ya siku yenyewe, nywele hadi kiunoni, bangili mpaka kwenye kiwiko. Hakuja peke yake. Wenzake wanne walimfuata, nyuso zimepakwa rangi, mmoja ana mabawa ya karatasi, mmoja amevaa suti ya kiume ijapokuwa alizaliwa msichana. Aliyetangulia, mrefu kama mlango, manyoya ya ndege mabegani, jina lake Sapana, aliinama akanigusa miguu.

"Mama, hatukuiacha sikukuu yetu," akasema. "Tumeihamishia kwako."

Bishnulal aliwatazama juu mpaka chini, kisha akapumua kama mtu aliyesamehewa kodi.

"Sawa! Sawa kabisa! Leo nani hajavaa kike? Watu watadhani ni mchezo. Shemeji, waache wadhani hivyo hivyo. Jioni anavua, anarudi alikotoka, hakuna aliyeumia."

Rashmila aliniangalia. Nilifungua sanduku, nikatoa patasi, nikamfunga mwenyewe, kunjo kwa kunjo. Kiuno kilikuwa kiuno cha mama yangu. Lakini maneno hayakutoka.

Ganeshman alipomwona alidondosha fimbo.

"Aa, hii ni dhuluma! Mke wangu karudi kigoli, mimi nimeachwa na uzee wangu!"

"Mume wangu," Rashmila akajibu kwa ile sauti nyembamba ya baba yake, "nilikuachia meno mawili. Yako wapi?"

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaokota fimbo.

Jamani, walicheza. Ngoma ilinguruma, matoazi yakaitikia, fimbo zikagongana ta, ta, juu na chini, na wale wanne wakaingia kwenye mistari kana kwamba walizaliwa kwenye uwanja wetu wa vyungu. Mwenye mabawa alizunguka mpaka karatasi ikachanika, akaendelea na vijiti vitupu. Wasichana walijaa madirishani, wakawamwagia bisi za mchele. Bibi mmoja aliyefiwa na wajukuu wawili mwaka huo alijitosa katikati, akacheza na yule wa suti. Nilitembea nyuma ya mnara na nguo yangu nyeupe ya ujane, na mguu wangu ukawa unafuata ngoma, nikauacha ufuate.

Tulipumzika uwanja wa Taumadhi, chini ya hekalu la mapaa matano. Gyanmaya, muuza mtindi, aliniita kwa sauti ya sokoni.

"Purnamaya! Huyu mwanao kavaa, utasema ni mwanamke kweli! Baba yake mtupu! Atavua saa ngapi?"

Watu wakacheka kwa mapenzi tu, hawakuwa na ubaya. Bishnulal, aliyekuwa amebeba kona ya mbele ya mnara, alicheka kuliko wote huku amenikazia macho. Rashmila alikuwa anajifuta jasho. Mdomo ulibaki unatabasamu kwa ajili ya watu. Macho hayakuwemo.

Nikaona: amepita mji mzima mchana kweupe, na katika mji mzima hakuna aliyemwona.

"Havui," nikasema.

"Ee?"

"Havui, Gyanmaya. Kesho pia havui. Huyu ni binti yangu, binti wa Asakaji. Anaitwa Rashmila."

Ngoma za watu wengine zilikuwa zinapita. Gyanmaya alisimama na upawa wake, mtindi unadondoka.

"Basi ale," akasema mwishowe bila kunitazama, akamsukumia kibakuli.

Bishnulal alishusha kona yake chini. "Tafuta wa kubeba," akaniambia. Akaondoka, hakugeuka. Mnara uliinama, picha ya Asakaji ikatazama mawe. Sapana akapiga goti, akatia bega lake lenye manyoya chini ya mwanzi, akainua.

Hivyo ndivyo mume wangu alivyofikishwa. Sijui alikasirika au alicheka. Namuombea kila siku, hajaniambia.

Jioni Rashmila alianza kufungua patasi.

"Baki nayo," nikasema. "Na wewe baki."

"Nibaki wapi, Mama?" Alichungulia uwanjani. Majirani waliokuwa wakifungua mianzi walifanya kama hawatuoni. "Mimi nitaishi huko na wenzangu. Ila mimi naondoka, wewe ndiye unayebaki nao."

Alinikumbatia muda mrefu. Niliwasikia yeye na wenzake wakiimba mpaka kona ya barabara kuu.

Karamu ya ukoo ilipofika, sikuitwa. Wanawake kisimani wananisalimia, kisha wanakumbuka kazi. Ganeshman huja kuota jua kizingitini, lakini masikio yamemwishia, hatuongei sana. Asubuhi napeleka mchele na maua hekaluni kwa mungu Ganesh, na nikirudi napita kwa Gyanmaya. Tangu siku ile hunipimia mtindi kimya.

Jana, akiwa amenipa mgongo, aliuliza, "Yule binti. Mtindi ulimpendeza?"

"Alilamba kibakuli," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Nikanunua chungu kidogo cha mtindi, cha mtu mmoja, nikarudi nyumbani.