Kisanduku cha Selem

Sadra alikuwa ameshika koleo lake dogo, lile la kung'olea misumari kwenye matairi, na uso wake ulikuwa karibu na kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Ndani, nyoka hakusogea. Macho yake yalikuwa yamegeuka rangi ya maji yaliyooshewa mchele.

"Mama Wirya," aliita. "Hebu njoo uone."

"Sina haja ya kuona," mkewe alijibu kutoka jikoni.

"Macho yote mawili yameingia maziwa. Na lile la kushoto bado lina gamba alilobakiza alipojivua safari iliyopita."

"Basi yazibe. Wewe si fundi?"

Sadra aliteremsha koleo. Chumba kilikuwa na joto la kukausha nguo, na nguo zilikuwepo kweli: mashati ya Wirya, yametundikwa vilevile alivyoyaacha, mabega yake yamefifia upande ule unaopigwa na mwanga. Mwanga ulitoka kwenye balbu moja ya manjano iliyoning'inia kwa waya juu ya sanduku la kioo. Haikuwa imezimwa tangu siku chache baada ya kumzika Wirya, mtoto wao.

Kwanza ilikuwa taa ya langoni. Kila nyumba ya Bali yenye msiba hutundika taa mbele ya lango, ili aliyekufa aone njia ya kurudi mpaka siku atakapochomwa na kuachiliwa. Lakini Wirya alikufa kwa homa ya mbu wakati wa mvua, upepo ukaivunja taa ile, na mwaka wa mtaa wao kuchoma wafu wao kwa pamoja ulikuwa bado mbali. Kwa hiyo mwili ulikuwa chini ya udongo, unangoja, na Rasmini, mkewe Sadra, akaiwasha balbu ya chumbani badala yake. "Hii anaijua," alisema. "Ndiyo aliyokuwa akiiwasha mwenyewe." Kila jioni alileta kikombe cha kahawa, na kikapu kidogo cha majani ya mnazi chenye maua na chembe za wali, akaviweka kitandani, akatoka.

Nyoka alikuwa wa Wirya. Chatu mdogo, wale wanaojiviringisha kama mpira wakiogopa, asili yao Afrika, ingawa huyu alizaliwa kwenye droo ya mfugaji huko Jakarta. Wirya alimwita Selem, yaani Mweusi. Siku ya mwisho, midomo imepasuka kwa homa, jambo alilouliza lilikuwa moja tu: "Baba, Selem umembadilishia maji?"

"Nimembadilishia," Sadra alijibu. Na tangu siku hiyo hakuacha kubadilisha.

Ila maji hayakutosha. Safari iliyopita Selem alipojivua, gamba lilitoka vipandevipande, kama rangi kwenye ukuta wa zamani, na kipande kimoja kilibaki juu ya jicho la kushoto. Sasa lilikuwa linakuja jingine.

* * *

Mama Tumini aliuza panya wa kulishia nyoka kwenye soko la ndege. Alikuwa Mjava mnene mwenye sauti ya mpiga debe, na alimkatiza Sadra kabla hajamaliza kueleza.

"Koleo? Umesema koleo?"

"Nilitaka kulibandua tu, taratibu."

"Utabandua na jicho lenyewe, Baba Wirya! Nyoka hana kope. Ana kioo cha ngozi juu ya jicho, na kile kioo hutoka pamoja na gamba. Kisipotoka, kingine kinakuja juu yake, halafu kingine. Mwisho wake ni usaha, na jicho kwaheri. Wewe ziba matairi, macho yaache."

"Nifanye nini, basi?"

"Umpe pango lenye unyevu. Huko porini angejipenyeza chini ya gogo bichi. Kwako atajipenyeza wapi, chini ya kompresa ya matairi?"

Alicheka peke yake, kisha akaona uso wa Sadra, akaacha. Alivuta mfuko kutoka chini ya meza, akampa konzi mbili za zile nyuzi kavu za kijani ambazo watu hufungia mizizi ya maua ya okidi.

"Loweka kwenye maji safi, zitavimba kama sifongo. Halafu ukamue. Ukamue kweli, mpaka tone la mwisho. Zitie kwenye kopo lenye mfuniko, ukate mlango utakaotosha tumbo lake pale lilipo nene, kisha uzidi kidogo. Usiweke gundi wala utepe, na usimguse mpaka amalize."

"Atapona?"

"Nitapita nione. Siwaamini wanaume na vitu vyenye uhai."

* * *

Kibanda cha Sadra cha kuziba pancha kilikuwa ukingoni mwa barabara kuu, chini ya turubai, na ishara yake ilikuwa tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeupe. Alikata mlango wa kwanza kwenye kopo la bati la biskuti. Lilikuwa kopo zuri, zito, lenye mfuniko uliobana. Alipomaliza alipitisha kidole ukingoni kwa mazoea, kama anavyopapasa ndani ya tairi kutafuta waya uliobaki baada ya msumari kutoka. Kidole kilirudi na damu.

Alilitupa. Waya mdogo tu unaua tyubu, sembuse bati na ngozi iliyolainika.

Alichukua kopo la plastiki, pana na fupi, alilokuwa akiwekea chakula chake cha mchana, akaliosha kwa maji matupu mpaka harufu ya pilipili ikaisha. Alipasha kipande cha bomba juu ya jiko lake la kuchomea viraka, akakisukuma kwenye ubavu wa kopo, juu kidogo ya nusu ili unyevu usimwagike nje. Plastiki ilitoa moshi na tundu likafunguka. Alilipanua kwa kisu, akalisugua kwa tupa, kisha akapitisha joto tena ili ukingo ujikunje na kuwa mviringo. Baadaye alitoboa vitundu vichache vya hewa kwenye mfuniko.

Bado hakuridhika. Alikata utepe mwembamba wa tyubu kuuzungusha mlangoni, na tayari alikuwa amechovya brashi kwenye gundi ya viraka harufu ilipompanda puani. Miaka yote hiyo alikuwa haisikii tena. Aliifunga gundi. Utepe aliurudisha kwenye ndoo ya mabaki.

Badala ya kidole, safari hii alijaribu kwa upande wa ndani wa mkono wake, pale ngozi ilipo nyororo na mishipa inaonekana. Aliuzungusha mlangoni, akarudia kwa macho yaliyofumbwa. Dereva wa pikipiki aliyekuwa akingoja pancha yake alimtazama.

"Mzee, unapima pingu?"

"Napima mlango."

"Wa nani?"

Sadra alitaka kusema wa nyoka. "Wa mwanangu," alisema. Hakuelewa kwa nini ulimi ulichagua hivyo. Dereva alijua habari za nyumba ile, kama barabara nzima ilivyojua, akageuza uso na kuwasha sigara.

* * *

Nyuzi zilivimba kwenye maji zikanuka msitu baada ya mvua. Sadra alizikamua mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe, akazitandaza ndani ya kopo, akalifunga mfuniko na kuliingiza kwenye sanduku la kioo, akigeuza mlango kuelekea kichwa cha Selem. Nyoka alitoa ulimi. Hakuingia.

Kesho yake Sadra alipotia mkono ndani ya kopo, nyuzi zilikuwa zimekauka zikamkwaruza kama makumbi. Alizilowesha tena, na jioni hali ikawa ileile. Selem alikuwa amejikunja pembeni kabisa, mbali na mwanga, ngozi imekunjamana kama kiganja cha mfuaji nguo. Alijisugua kwenye kipande cha mti akitaka kujivua kabla ya wakati, na gamba halikuachia hata puani. Sauti ya kusugua ilisikika nyumba nzima: kwaru, kwaru, ikatulia, kwaru.

Rasmini aliisikia akiwa anasuka vikapu vya sadaka barazani. Mikono ilisimama.

"Ni yeye," alisema.

"Ni nyoka, Mama Wirya."

"Wewe unasikia nyoka."

"Balbu ndiyo inakausha. Tuizime, ngoja ajivue, halafu—"

"Baba Wirya." Hakupaza sauti. "Ukiigusa ile swichi, narudi kwa mama yangu, na hutaniona tena. Umenisikia?"

Sadra alisikia. Angeweza kuizima mkewe akienda sokoni na kuiwasha kabla hajarudi. Alilifikiria hilo, akajiona mwizi, akaliacha. Siku za karibuni Rasmini alikuwa amekwenda kwa mama mmoja wa kijiji cha jirani anayesemesha wafu. Mama yule alitetemeka, akashika kifua, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba: *Nina joto. Nina kiu.* Tangu hapo Rasmini alimwaga maji ya dafu kaburini, akaongeza kikombe cha pili kitandani, na asubuhi akavikuta vyote vimejaa kama alivyoviacha.

* * *

Mama Tumini alifika mchana wa mawingu, koti la mvua limemvaa kama hema. Alivua viatu, akaamkia, akaingia chumbani akiwa bado anazungumza.

"Hebu nione hilo pango la fundi pancha. Sawa. Ukingo sawa. Umenishangaza. Mlango saw— Ya Allah! Hii balbu ya nini?"

Rasmini alikuwa mlangoni nyuma yao, kikombe cha kahawa mkononi.

"Nani kaweka jua ndani ya nyumba? Kisiwa chenyewe ni jiko! Tazama kioo kilivyo moto, shika. Mnambanika huyu kiumbe." Aliinama, sauti ikapungua. "Masikini. Hana ugonjwa wowote huyu. Ana joto. Ana kiu. Basi."

Kikombe kiligonga kisahani.

"Umesema nini?" Rasmini aliuliza.

"Nimesema taa."

"Baada ya taa."

Mama Tumini alimtazama, kisha akamtazama Sadra, akaona ameingia mahali asipopajua. "Ana joto," alirudia polepole, "na ana kiu."

"Nani amekuambia useme hivyo?"

"Nani aniambie, dada? Nina macho tu."

Mvua ilianza kugonga mabati. Rasmini aliingia na kusimama mbele ya kioo, karibu kuliko alivyowahi kusimama, na yale macho meupe yakawa yameelekea kwake, hayaoni, hayafumbi.

"Nikiizima," alisema, na hakuwa anasema na mgeni, "atarudi vipi?"

Sadra hakuwa mtu wa maneno. "Kwani hakuwa akirudi gizani?" alisema. "Kila akichelewa. Hawashi kitu ili asituamshe. Halafu anapiga teke ndoo."

"Ndoo ileile," Rasmini alisema.

"Ileile. Hukuwahi kuihamisha."

Mdomo wa Rasmini ulitaka kucheka na haukujua njia. Aliweka kikombe kitandani. Alikwenda ukutani, akaweka kidole juu ya swichi, akakiacha hapo mpaka Mama Tumini akatazama miguu yake mwenyewe.

Swichi ililia. Chumba kikawa cha kijivu. Balbu ilibaki na uzi mwekundu ndani yake, ukafifia, ukaisha.

* * *

Sadra alizilowesha nyuzi na kuzikamua upya. Alilisogeza kopo kwenye upande wa ukuta unaoota jua la mchana kwa nje, ili ndani mwake muwe vuguvugu bila kuchemka. Jioni ile kopo halikuwa tupu tena: mlangoni lilionekana pindo moja la mwili, jeusi, limetulia. Hakulifungua. Siku zilizofuata alitia mkono mara moja tu, pembeni kabisa, kuhakikisha nyuzi bado zina ubichi na hazijaanza kunuka. Kwaru, kwaru haikusikika. Ukimya ule ulimchosha Rasmini kuliko sauti. Alilala barazani, mkeka umeelekezwa kwenye lango lililo giza.

Asubuhi moja macho ya Selem yalikuwa yamerudi meusi, na Sadra alitaka kushangilia. Akakumbuka Mama Tumini alisema ndivyo inavyokuwa: maziwa hupotea kwanza, gamba hufuata baadaye. Akangoja.

Alipolikuta gamba, lilikuwa ndani ya kopo, limegeuzwa ndani nje kama soksi iliyovuliwa na mtu aliyechoka. Zima, kutoka puani hadi ncha ya mkia. Alilibeba mpaka mlangoni kwenye mwanga, akalifungua kichwani kwa kucha. Kulia kulikuwa na kioo kimoja chembamba, duara. Kushoto alibonyeza, akahisi ugumu, akabonyeza tena. Vilikuwa viwili, kimoja juu ya kingine.

"Mama Wirya," aliita.

Safari hii alikuja. Alilipokea gamba kwa mikono miwili, kama anavyopokea maji matakatifu hekaluni, akaliinua kuelekea angani. Mwanga ulipita kwenye tundu zile mbili za macho, ukamwangukia usoni.

"Jepesi," alisema.

Hakulitupa. Alilikunja, akaliweka juu ya mto wa Wirya.

Jioni hiyo alileta kahawa kama kawaida, na Sadra akamfuata, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Walikaa sakafuni, migongo kwenye kitanda. Giza liliingia pole kwa pole, likafuta kioo, likafuta mashati. Walikuwa hawaoni tena hata magoti yao walipoisikia: sauti ndogo, ya chini, kwenye beseni la maji ndani ya sanduku la kioo. Maji yalitikisika, yakatulia. Yakatikisika tena.

Mkono wa Sadra ulinyooka ukutani kutafuta swichi, ili aone. Vidole vya Rasmini vilimkamata kifundoni, baridi, vyenye nguvu.

"Mwache anywe," alinong'ona.

Nje, mtu alipita barabarani na pikipiki isiyo na taa. Ndani, maji yaliendelea kupungua.