Sensa ya Nyuma

Usiku wa kuamkia leo niliota Jumanne ile imerudi. Mume wangu Eliamini anamaliza chai, anavaa ovaroli, anasema anaingia chini ya gari dakika tano tu. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Aliingia chini ya gari na spana mkononi, na tulipomvuta miguu alikuwa ameshatutoka. Moyo, daktari alisema.

Ila katika ndoto hatumvuti. Tunatandika mikeka kulizunguka gari, tunakaa matanga.

Shemeji Mbonea, mdogo wake, amekaa juu ya boneti na msumeno wa chuma. Anasema yale yale aliyoniambia juzi nikiwa macho.

"Jumamosi tunaanua matanga. Hili gari nalikata chuma chakavu. Mshale wa spidi umelala sifuri, gia imeng'ang'ania namba tatu. Utakwenda nalo wapi?"

"Usangi," nasema. "Kaburini kwake."

"Mlima ule kwa gia namba tatu? Shemeji, pale hata mbuzi anabadilisha gia."

Waombolezaji wanacheka kwa adabu. Mimi nasimama. Tangu Jumanne ile siwezi kukaa mahali pamoja; nikikaa nasimama, nikisimama natembea.

Natembea hatua mbili, na uwanja umekuwa giaboksi. Kuta ni za alumini. Mikeka imetandikwa juu ya meno ya gia, na watu wote wamelowa oili hadi kiunoni. Hakuna anayelalamika.

Ukutani pana sensa mbili za spidi, vile vidude vinavyosoma mwendo na kuiambia gia ibadilike, moja mbele na moja nyuma, zimefanana kama mapacha. Ya mbele imevaa miwani.

"Natafuta sensa mbovu," naiambia.

"Si mimi. Mimi mpya. Mumeo amenibadilisha mara tatu. Mafundi wa hapa Same wakiona mshale umelala wananirukia mimi, kwa sababu mkono unanifikia bila mtu kupiga magoti."

"Kwani kazi yako nini?"

"Nasoma kinachoingia kwenye giaboksi. Eliamini aliingia Jumanne, saa tatu na dakika kumi. Nilimsoma vizuri."

"Akatoka saa ngapi?"

"Wanaotoka anawasoma dada yangu wa nyuma, naye siku nyingi hasemi kitu. Kwa hiyo Eliamini hajatoka."

Naenda nyuma mbio, oili inanivuta kanga. Eliamini amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ovaroli imemganda mwilini.

"Mama Namsifu, umekuja na testa ya kupimia waya?"

"Baba Namsifu! Upo?"

"Nipo nipo tu. Sijasomwa, siwezi kutoka. Siku ya thelathini na nane hii, nimechoka. Usinitazame hivyo, chomoa soketi ya sensa hii."

Naelewa hapo hapo. Sensa ikipona, Eliamini atatoka. Ikibaki mbovu atabaki, na Jumamosi Mbonea atamkata pamoja na gari.

"Tungoje kidogo," nasema. "Tuongee kwanza."

"Tuongee huku unafanya kazi."

Juu yetu msumeno umeshaanza kukwaruza bati. Napiga magoti. Nachomoa soketi, nagusisha ncha mbili za testa kwenye pini mbili za sensa. Testa inakohoa.

"Waya umekatika ndani," inasema. "Pole kwa msiba."

"Asante," najibu.

Eliamini anajipiga paji la uso. "Mara tatu nafunga ya mbele! Fundi mzima!"

"Nilikwambia uangalie na nyuma."

"Uliniambia ukiwa jikoni unakaanga vitunguu. Fundi gani anapokea ushauri wa jikoni?"

"Sasa unaupokea?"

"Sasa naupokea."

Ananipa sensa mpya kutoka mfukoni, bado ina joto la mwili wake. Naifunga kwa spana namba kumi, bolti moja tu. Naikaza polepole kuliko inavyohitaji. Anaona.

"Haya, izungushe gia," anasema mwishowe. "Hii haisomi kitu kilichosimama."

Nawageukia waombolezaji. "Samahanini. Naomba tuondoke kwenye meno ya gia, tuzunguke."

"Tulikuwa tunasubiri mwenye msiba aseme," anajibu bibi mmoja. Wanakunja mikeka, wanaanza kuzunguka, wanaume mbele, wanawake nyuma. Gia zinazunguka nao. Namba tatu inaachia. Namba moja inaingia.

Sensa ya nyuma inafungua mdomo.

"Mmoja ametoka," inasema.

Mshale wa spidi unapanda. Natazama ndoo. Haina mtu.

Nikaamka jua limeshafika miguuni mwa kitanda. Nikanyoosha mkono kuvuta kanga, nikaona chini ya kucha zangu kuna oili ya gia, nyekundu, mbichi. Gari sijaligusa tangu Jumanne ile; mawifi zangu hata sufuria hawaniachii niioshe. Nikanawa kwa sabuni mara mbili. Haikutoka yote.

Nikampigia fundi Mchome, nikamweleza aje na testa, na ya mbele asiiguse. Akauliza nani ameniambia. Nikasema mwenye gari.

Sasa ni saa nne. Mbonea amesimama kando ameshika jeki. Fundi Mchome yuko chini ya gari, anafungua sensa ya nyuma.