Chakula cha Taa

Wiki nzima watoto wa chekechea walimganda mwalimu wao, wakitaka kujua mwanga wa ndani ya balbu unatoka wapi, naye hakutaka kuwapiga chenga. Akakata kadi ngumu kwa umbo la balbu, akanunua kwa fundi saa betri bapa kama vifungo, pamoja na vitaa vidogo vyenye miguu miwili ya waya. Kila mtoto alibana betri katikati ya miguu ya kitaa, akaifunga kwa selotepu na kuibandika kwenye kadi. Kila kilipowaka kimoja, darasa zima lilipiga makofi.

"Betri ndiyo chakula cha taa," aliwaeleza. "Taa isipokula, hailiwashi tumbo lake."

Wa kwanza kuwasha alikuwa binti wa kaka yake mwalimu. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki; hata usingizini alipiga soga. Mama yake hakupenda afundishwe na shangazi yake, akihofia atadekezwa, mpaka mumewe alipombembeleza.

Kengele ya mapumziko ilipolia watoto wakatoka mbio. Mwalimu akabaki akibandua betri na kuzirudisha kwenye kopo, akakuta moja haipo. Ilikuwa ya nani, hakujua, maana kadi walikuwa wamenyang'anyana. Akapiga magoti, akapapasa chini ya mikeka, akamwaga pipa la taka sakafuni na kuchambua vipande vya karatasi kimoja kimoja. Jasho lilimtoka. Alijua betri ile ikikwama kooni inaunguza nyama kama asidi.

Mkuu wa shule alipopita, akamwambia kitu kidogo vile lazima kimebingirika mahali, asije akawatia wazazi kiwewe bure. Mwalimu akainuka. Alitoka uani, akawauliza watoto mmoja mmoja. Wote wakakana, wengine kwa sababu tu uso wake uliwatisha.

Chiriku alikuwa ameketi ngazini peke yake, kimya. Chupa yake ya maji ilikuwa haijaguswa. Mate yalimtiririka na kola ya sare ilikuwa imelowa chepechepe.

Mwalimu akachuchumaa mbele yake, akamwambia hakuna atakayegombezwa.

"Nilitaka tumbo langu liwake, shangazi," mtoto akanong'ona.

Alimbeba mgongoni kama alivyokuwa, bila kitenge, akakimbia hadi barabarani na kujitupa mbele ya gari la kwanza, likasimama na kuwachukua. Njia nzima alimkataza mtoto kulala na kumbembeleza aseme lolote, hata upuuzi. Chiriku alimtazama tu. Hospitalini, karani wa mapokezi alitaka mzazi aje kwanza. Mwalimu akampita, akasukuma mlango wa ndani kwa bega na kumlaza mtoto kwenye kitanda cha kwanza alichokiona. Daktari alikuja kumfukuza, lakini aliposikia neno betri akageuka na kuita wenzake.

Picha ilionyesha duara jeupe katikati ya koo. Wakampeleka chumba cha upasuaji.

Wifi yake alifika akiwa na kiatu kimoja mkononi, kamba imekatika. Mwalimu alimsimulia yote, hata maneno yale ya chakula cha taa, wala hakujitetea. Wifi alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikukabidhi mtoto anayeongea," akasema. "Nirudishie huyo huyo."

Kisha akaenda kukaa upande wa pili wa korido. Kaka mtu alipokuja akasimama katikati yao, hajui aelekee wapi.

Betri ilitolewa, lakini ilikuwa imekwisha kuchoma. Daktari aliwaambia mtoto atalishwa kwa mrija wa puani, na kwamba kuhusu koo na sauti hawezi kuahidi kitu, wangoje. Mwalimu alirudi nyumbani, akaoga, akashindwa kulala. Kila siku alikwenda kukaa kwenye benchi nje ya wodi, na kila siku wifi alimpita kama anapita ukuta.

Siku moja wifi alitoka macho yamemwiva, nguo ni zile zile. Akasimama mbele ya benchi.

"Anaung'oa mrija," akasema. "Mshike mikono, nikajimwagie maji. Usimwachie hata akikulilia."

Mwalimu akaingia. Chiriku alikuwa amekonda, macho makubwa, na mkono ulikuwa tayari umeshafika puani. Mwalimu akaushika, kisha na ule wa pili. Mtoto akajipinda, akapiga mateke, akafungua mdomo kulia na hakukutoka sauti, pumzi tu ya kukwaruza. Alimkazia shangazi yake macho kwa hasira. Mwalimu alitamani kumwachia, kumwomba msamaha, kukimbia. Hakufanya hata moja. Aliishikilia ile mikono midogo yenye joto mpaka aliposikia kandambili za wifi yake zikirudi koridoni.